Namna ya Kumwibia Mfaransa Mchana Kweupe, Ukiwa Kigongo

Sikiliza, wewe kijana wa Kigongo unayetaka kuandika mchezo wa kuigiza ambao watu watautazama mpaka mwisho bila kuchungulia simu: leo nakufundisha wizi. Mwenye mali ni Mfaransa aitwaye Eugène Scribe, na hatakushtaki, kwa sababu alifariki Paris tarehe 20 Februari 1861. Alichoacha ni kingi. Aliandika, peke yake na pamoja na wenzake, kazi zaidi ya 400 za jukwaani, kuanzia vichekesho vifupi mpaka opera za sehemu tano, na zilipokusanywa baada ya kifo chake zilijaza majuzuu 76. Vyote hivyo huwezi kuvibeba, wala huvihitaji. Nitakuonyesha cha kuchukua, na cha kukiacha palepale kilipo.

Huenda umeshaambiwa uende kwa Molière. Molière ni mkubwa kuliko Scribe, sibishi, na kwa Kiswahili tunaye tangu zamani katika Mchuuzi Mwungwana na katika Mnafiki. Tatizo lake ni kwamba ana kipaji, na kipaji hakiibiki. Scribe ana ufundi, na ufundi ukiutazama kwa makini unaondoka nao. Wahakiki wa zama zake, Théophile Gautier akiwa mbele yao, walimwandama kwamba lugha yake haina mtindo wala ushairi. Walisema kweli. Lakini kumbi zilijaa kwa miaka zaidi ya 40, na mwanafunzi wake hodari kuliko wote hakuwa Mfaransa. Henrik Ibsen, akiwa kijana anayesimamia jukwaa la Bergen, Norway, miaka ya 1850, aliandaa michezo ya Scribe mmoja baada ya mwingine kabla hajawa Ibsen tunayemjua. Katika tamthilia yake ya 1879 kuhusu Nora, barua inakaa ndani ya sanduku la barua mlangoni. Sisi tunajua imeandikwa nini, mume wa Nora hajaifungua, na roho zetu zinabaki juu juu mpaka aifungue. Barua ile ilitoka kwa Scribe. Ibsen aliichukua, akaitia moyo. Nawe nakutaka ufanye hivyohivyo.

Kwanza kabisa, kubali kuanguka. Scribe alizaliwa tarehe 24 Desemba 1791, mtoto wa mfanyabiashara wa hariri wa mtaa wa Saint-Denis. Baba alifariki mtoto akiwa bado mdogo sana, na ukoo ukaamua kijana awe mwanasheria. Akapelekwa kusoma sheria, roho yake ikabaki ukumbini. Michezo yake ya kwanza, kuanzia mwaka 1811 hivi, haikupendwa. Aliendelea. Mwaka 1815 ndipo alipopata watu, kwa mchezo kuhusu usiku mmoja wa zamu ya mgambo wa mjini, raia wa kawaida waliovikwa sare na kupewa bunduki za kulinda mitaa yao wenyewe. Tazama vizuri alichofanya. Aliachana na wafalme wa Ugiriki ya kale, akawaweka jukwaani watu wale wale waliokuwa wameketi kwenye viti wakitazama.

Sisi huku tuna sungusungu. Tangu miaka ya mwanzo ya 1980 vijiji vya Usukuma na Unyamwezi vimekuwa na walinzi wao, majirani wanaotoka usiku na marungu na filimbi kuwafuata wezi wa ng'ombe. Usiku mmoja wa zamu ya sungusungu una hofu, una uchovu, una mtu anayemtuhumu shemeji yake, una mzee anayesinzia, na una suala zito la nani amempa nani mamlaka ya kumhukumu mwenzake. Ukikosa pa kuanzia, anza hapo.

Sasa mahali. Mwandishi wa Kigongo ana bahati, na nataka aijue. Scribe alihangaika maisha yake yote kubuni sababu za kumzuia mhusika asitoke chumbani: mlango umefungwa, mvua inanyesha, shangazi anakuja. Kigongo sababu ilikuwepo siku zote, nayo ni maji. Huku wilaya ya Misungwi, kule Busisi wilaya ya Sengerema, katikati Ghuba ya Mwanza ya Ziwa Victoria, na kila aliyekuwa anakwenda Geita au Bukoba kwa njia hii alipaswa kusimama hapa na kungoja kivuko. MV Misungwi na MV Mwanza ziliwabeba pamoja watu ambao pengine wasingekutana kamwe: mchimbaji wa dhahabu, mwalimu aliyehamishwa, mgonjwa ndani ya gari la wagonjwa, bibi harusi na ndugu zake, tingo wa lori la saruji. Wote walisimama juu ya bamba moja la chuma, na hakuna aliyeweza kuondoka mpaka kivuko kifike ng'ambo. Ukumbi gani wa Paris ulikuwa na mtego mzuri hivyo?

Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alifungua Daraja la J.P. Magufuli, kilomita 3 juu ya ziwa, na sasa gari linavuka kwa dakika chache. Nimefurahi kwa dhati. Mama mwenye uchungu wa kujifungua hangoji tena zamu ya kivuko akiwa nyuma ya malori. Lakini wewe mwandishi umenyang'anywa mahali pa kungojea, na lazima uamue. Ama uweke mchezo wako kabla ya Juni 2025, ama utafute kungoja kwingine. Kupo. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani, kwa sababu dagaa hufuata taa, na kwenye mbalamwezi taa haiwavuti. Usiku kadhaa mfululizo wanaume wote wa mwalo wako nchi kavu, hawana mapato, na wenye kuwadai wanajua pa kuwapata. Mchezo mzima umo humo.

Na usidhani Ufaransa iko mbali na hapa. Mwaka 1883 mapadri wa shirika la Kardinali Lavigerie, wengi wao Wafaransa, walifungua misheni Bukumbi, hatua chache tu kutoka Kigongo, baada ya kuondoka Buganda. Kifaransa kilisikika kwenye ufuko huu kabla Mjerumani hajajenga boma lake Mwanza.

Haya, ingia ndani ya nyumba ya Scribe. Kitu cha kwanza kukitia mfukoni ni kidogo sana: glasi ya maji.

Mwaka 1840 alionyesha mchezo wenye jina hilo, Le Verre d'eau. Tuko katika kasri la Malkia Anne wa Uingereza, na Uingereza iko vitani na Ufaransa. Anayemshika malkia mkono ni rafiki yake, mke wa jemadari Marlborough, mwanamke mkali ambaye vita vinampa mumewe sifa na kumpa yeye nguvu. Anayetaka amani ni mwanasiasa Bolingbroke, ambaye hana jeshi, hana fedha, ana madeni. Katikati yupo Masham, afisa kijana mzuri wa sura. Malkia anampenda kwa siri. Mke wa jemadari naye anampenda kwa siri. Masham mwenyewe anampenda Abigail, msichana aliyekuwa muuzaji katika duka la vito. Sisi tulioketi tunayajua yote haya mapema, na ndani ya kasri hakuna anayeyajua yote isipokuwa, taratibu, Bolingbroke. Naye anafanya jambo moja tu. Anamwezesha mke wa jemadari kujua kwamba ana mshindani, na kwamba usiku huo, mbele ya wageni, mshindani huyo atajitambulisha kwa kumwomba Masham glasi ya maji.

Usiku unafika. Wageni wamejaa, mabalozi wapo. Malkia anasema anasikia joto, anaomba maji.

Mke wa jemadari anaganda. Aliyekuwa akimwinda ni malkia mwenyewe. Glasi inainama, maji yanamwagikia gauni la malkia, maneno ya uchungu yanatoka mbele ya watu, na urafiki wa miaka unakatika hapohapo. Marlborough anaanguka, Bolingbroke anapanda, vita vinapata mwisho. Hakuna aliyechomoa upanga. Kwa Scribe historia ya dunia husukumwa na vitu vidogo vilivyo mikononi mwa watu wenye wivu, na mtu aliyewahi kuona ukoo ukifarakana msibani kwa sababu ya sufuria iliyoazimwa hatambishia.

Jifunze mashine hiyo kipande kwa kipande. Kitu ni cha kawaida, kinaweza kushikwa mkononi. Kinatajwa mapema, ili kikija kisionekane kimeokotwa. Watazamaji wanajua maana yake kabla ya wahusika. Na kinapofika kinawapata watu wote mahali pamoja, ambapo hakuna anayeweza kujifanya hakuona.

Kisha usiishie hapo, kwa sababu huku kwetu yupo mtu aliyefanya makubwa zaidi kwa maji. Ebrahim Hussein, aliyezaliwa Lindi mwaka 1943, alichapisha Kinjeketile mwaka 1969. Wewe umeisoma shuleni, pengine kwa kukariri majibu ya mtihani, na nakuomba uisome tena kama fundi. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe anaingia mtoni na kutoka na neno, na maji anayowapa watu yanawaunganisha makabila yaliyokuwa hayaelewani, wakati Mjerumani anawalimisha pamba kwa viboko. Sisi tunayajua yatakayotokea Maji Maji, vita vya 1905 hadi 1907, na kujua huko ndiko kunakotubana kifua kila mtu anapoyapokea yale maji kwa furaha. Kinjeketile mwenyewe anaanza kuliogopa neno alilolitoa, maana limekua kumzidi na linakwenda bila yeye. Na mwishoni, akiwa kifungoni, anatakiwa akane. Akikana, waliokufa wamekufa bure na watoto wao wataambiwa hivyo. Hakani.

Weka sasa glasi ya Scribe karibu na maji ya Hussein. Kwa Mfaransa maji ni kisingizio tu. Yangeweza kuwa kitambaa au ua, mashine ingezunguka vilevile. Kwa Hussein maji ni imani ya watu, na ukiyaondoa mchezo unakufa. Nakutaka uwe na mikono ya wa kwanza na moyo wa wa pili. Huo ndio ushauri wangu wote, mengine ni maelezo ya kazi.

Kitu kidogo cha Kigongo kiwe nini? Nakupa kimoja bure: karatasi ya karanga. Unaijua. Kipande cha daftari la shule, au fomu ya ofisini iliyotupwa, kinasokotwa kikawa kifuko chenye ncha, karanga za kukaanga zinamiminwa, sehemu ya juu inakunjwa. Unakula, na ukimaliza, kwa uvivu, unaisoma. Hesabu za mtoto wa darasa la tano. Jina la mtu. Sahihi.

Mzee mmoja wa Kigongo anangoja mahari ya binti yake kutoka ng'ambo. Mshenga anakuja nayo. Asubuhi ile, Busisi, mshenga amemkopesha sehemu ya fedha mchuuzi wa sato aliyemwapia kuzirudisha kabla ya jua kuzama, na mchuuzi ameandika hati ya deni kwenye ukurasa wa daftari, akatia sahihi. Sisi tunajua kitu ambacho mshenga hajui: mchuuzi huyo anampenda binti, amekopa makusudi ili mahari ipungue na shughuli iahirishwe. Wote wapo kivuko kimoja. Upepo, au bega la abiria mwenye haraka, unaitoa hati mfukoni mwa mshenga. Anaiokota kijana wa karanga. Anayezinunua karanga hizo ni mjomba wa binti, ambaye hasomi bila miwani, na miwani ameisahau nyumbani. Tangu hapo mpaka mwisho mjomba yuko jukwaani akitafuna, ushahidi wote umo kiganjani mwake, huku mshenga akiapa kwa jina la marehemu mama yake kwamba fedha ziliibwa. Kama watoto walioketi mbele hawatapiga kelele, "Babu, soma karatasi!", basi kuna mahali umekosea, rudi ukakague.

Watu wakishaanza kupiga kelele hivyo, unadaiwa. Mhakiki wa Paris, Francisque Sarcey, alisisitiza sana jambo hili: kuna onyesho moja ambalo watazamaji wanalidai tangu mwanzo, na mwandishi hana ruhusa ya kulikwepa. Hapa ni mzee na mshenga uso kwa uso, mkekani, fedha zinahesabiwa mbele ya wazee wa pande zote mbili. Liandike lote. Hesabu noti moja moja. Kwetu hapa ndipo michezo mingi na filamu nyingi zinapokimbia: tumengoja saa nzima baba akutane na mtoto aliyemkana, halafu simu inaita, mtu anapokea, anaangua kilio, tunaambiwa baba kagongwa na gari. Inaniuma kila ninapoiona, maana waigizaji wetu wana uwezo wa kulibeba onyesho lile, na mwandishi ndiye aliyewanyima.

Mengine ya ufundi ni mafupi. Jua mwisho kabla hujaandika mwanzo. Bahati ya mhusika wako mkuu ipande na kushuka, isiteremke tu moja kwa moja. Anayeingia aingie wakati asiotakiwa.

Usiandike peke yako. Hili Scribe alilielewa kuliko waandishi wengi wenye majina makubwa kumzidi. Germain Delavigne, Mélesville, Bayard, Dupin, baadaye Ernest Legouvé, wote waliandika naye: mmoja analeta kisa, mwingine nyimbo, mwingine anajua wanawake wa mjini wanavyotaniana, Scribe anaunganisha. Majina yao yalichapishwa pamoja na lake, na mkusanyiko wa michezo yake ulioanza kutoka mwaka 1828 aliutabaruku kwa washirika wake hao. Kwa utaratibu huo aliuandikia ukumbi wa Gymnase, uliofunguliwa mwaka 1820, zaidi ya michezo 100.

Kwetu utamaduni huu upo. Mwaka 1982 Amandina Lihamba, Penina Muhando na Ndyanao Balisidya walitoa tamthilia moja kwa kalamu tatu, Harakati za Ukombozi. Na katika mkoa wetu huu wa Mwanza, kati ya 1982 na 1983, wanathieta wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda Malya, Kwimba, wakakaa na wanakijiji kutafuta tatizo linalowasumbua, wakalitengenezea mchezo kwa ngoma na nyimbo za palepale, wanakijiji wenyewe wakicheza na kujadili. Kwa hiyo kusanya watu wanne. Mmoja awe amewahi kufanya kazi kwenye kivuko. Mmoja ajue nyimbo za Kisukuma za bibi zake. Mmoja awe msichana anayethubutu kukuambia kwamba wanawake ndani ya mchezo wako hawazungumzi lugha ya binadamu. Wa nne ashike kalamu.

Nimefika kwenye fedha, na hapa naomba usikilize zaidi kuliko kote. Ufaransa ilitunga sheria Januari 1791 ya kumpa mwandishi wa mchezo haki ya kuamua nani auonyeshe. Scribe alizaliwa Desemba ya mwaka huohuo, na aliitumia sheria ile maisha yake yote. Beaumarchais alikuwa amewakusanya waandishi wa michezo tangu mwaka 1777 wadai stahili zao. Scribe alikuwa miongoni mwa walioimarisha kazi hiyo mwaka 1829, chama chao kiliposimama rasmi, chama ambacho bado kinakusanya mirabaha ya waandishi mpaka leo. Hakutaka kupewa fungu moja na kuambiwa asante. Alitaka asilimia ya kiingilio, kila usiku, kila ukumbi. Akatajirika kwa kalamu tupu, akanunua shamba Séricourt, na kwenye nyumba yake ya huko akaweka maandishi ya kumshukuru mpita njia, kwamba thieta ndiyo iliyoyalipia makao yale na huenda yeye anayepita ndiye anayestahili shukrani.

Kumbuka upande mwingine. Aniceti Kitereza wa Ukerewe, kisiwa kilicho ndani ya ziwa hilihili, alimaliza riwaya yake kubwa kwa Kikerewe mwaka 1945. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka ilitoka mwaka 1980, na mwaka 1981 akafariki. Miaka 35 ya kungoja. Yeye alikuwa mtu wa riwaya, lakini hasara ni ileile: tulimwacha mwenzetu azeeke na lundo la karatasi.

Kwa hiyo andikiana. Hata kama mwenye kikundi ni binamu yako. Karatasi moja, asilimia ya kiingilio imetajwa, sahihi mbili, shahidi mmoja. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 na ina COSOTA, ofisi inayosimamia haki hizo. Sajili kazi yako kabla haijaanza kuzunguka kwenye simu za watu. Anayekuambia kwamba sanaa ni wito na kwa hiyo upewe nauli na soda, muulize kama mwenye spika naye amekodisha kwa wito.

Cha kuacha ndani ya nyumba ya Scribe ni hiki: tabia yake ya kuandika mahali asipopajua. Opera yake ya mwisho kubwa, L'Africaine, kwa muziki wa Meyerbeer, ilionyeshwa Paris tarehe 28 Aprili 1865, wote wawili wakiwa wameshafariki. Inamhusu Vasco da Gama na malkia Sélika, mateka ambaye kichwa cha opera kinamwita Mwafrika. Malkia huyo anaapa kwa Brahma. Nchi yake ina hekalu la Kihindu. Anajiua chini ya mti ambao harufu ya maua yake inasemekana kuua, na mti wenyewe ni wa Amerika, hauoti pwani yoyote ya Bahari ya Hindi. Vasco wa kweli alifika Mombasa na Malindi Aprili 1498, akakuta miji ya mawe, masultani, majahazi ya Gujarat, na wanamaji waliokuwa wakiijua njia ya India kuliko yeye. Huo ni mchezo tayari, mkubwa kuliko ule wa Paris, na Scribe aliupita bila kuuona kwa sababu kwake Afrika na India vilikuwa pazia la nyuma tu.

Wewe huna kisingizio hicho. Ukimweka mvuvi jukwaani, ajue tofauti ya nyavu za sangara na za dagaa. Ukimweka bibi, aombe kwa maneno ambayo bibi wa Kigongo huombea. Na mchezo usiudharau ukadhani ni burudani tu ya jioni. Usiku wa tarehe 25 Agosti 1830 watu wa Brussels walitoka kwenye La Muette de Portici, opera ambayo Scribe aliiandikia maneno pamoja na Delavigne, wakaingia mitaani, na ghasia zilizoanza usiku ule zikazaa nchi ya Ubelgiji, ambayo mfalme wake wa pili ndiye aliyeitesa Kongo.

Umeshaandika. Sasa onyesha, na usionyeshe kwanza mbele ya wageni rasmi, kwani wao hukaa mpaka mwisho hata wakichoka. Wasukuma walikuwa na mizani bora tangu karne ya 19. Vikundi vyao viwili vya ngoma vinavyoshindana, Bagika na Bagalu, hucheza uwanja mmoja, wakati mmoja, kila upande na ngoma zake, nyoka wake, majembe yake yanayorushwa hewani, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi. Mtazamaji hana kura nyingine ila miguu yake. Nenda Bujora, Kisesa, msimu wa tamasha la ngoma la Bulabo, mwezi Juni, ukasimame katikati ya pande mbili na kuangalia ni lini hasa umati unahama, na nini kimeuhamisha.

Kisha chagua usiku wa mbalamwezi, wavuvi wakiwa nchi kavu. Uwanja uwe wazi, njia za kutokea ziwe nyingi, asizuiwe mtu. Mwambie mwenzenu mmoja asimame nyuma kabisa na daftari, asitazame mchezo hata kidogo, atazame migongo tu. Kila mtu anayeinuka kwenda zake, aandike ni neno gani lilikuwa linasemwa jukwaani. Asubuhi kaeni wote wanne na daftari hilo, mfute kila palipoinua watu, mpaandike upya, na mbalamwezi ijayo mrudi uwanjani.